Mioyo Katika Friji ya Bi Mwanahamisi

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimenunua moyo. Moyo wa ng'ombe, mzima, mafuta yake bado yameufunika mgongoni. Idrisa, muuza nyama wa hapa Chuno, alikuwa ameshainua kisu.

"Nikukatie vya mchuzi, dada?"

"Usikate. Nautaka hivyohivyo."

"Una wageni?"

"Nina mtihani."

Alinifungia bila neno jingine, lakini nilipogeuka nikamsikia akimwambia mteja aliyefuata, "Wasomi nao wana mambo yao."

Naandika haya ili nisisahau nilivyoanza. Tangu tuje Mtwara, mimi na mume wangu Elisha, yeye akiwa bandarini na mimi hospitalini, nimekuwa nikipima wajawazito kwa utrasaundi. Sasa nasomea kupima moyo. Dk. Magreth, daktari wa moyo anayenisimamia, amenipa zoezi la msimu mzima: nipime jinsi mawimbi ya sauti yanavyofifia yanapopenya nyama ya moyo. Amenipa na mashine ya zamani iliyokuwa stoo. Nyama ni juu yangu.

Friji yetu imekufa. Moyo umelala kwenye friji ya mwenye nyumba, pale ukumbini, chini ya mfuko wa dagaa. Hajui.

Jumatano, 4 Septemba

Joto. Kwetu Makete saa hizi watu wamevaa masweta.

Jumamosi, 7 Septemba

Amejua.

"Witness! Njoo hapa."

Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama mbele ya friji, khanga kiunoni, mfuko mkononi ameushika mbali na mwili. Ni mama aliyevuka umri wa makamo, mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye macho ya kuona kila kitu. Sisi tumepanga vyumba viwili vya nyuma. Kila alfajiri anafagia uani chini ya dirisha letu, chwaa, chwaa, kana kwamba ana ugomvi na mchanga. Ana sheria ya kamba ya nguo, sheria ya ndoo, sheria ya geti. Nilishamwambia Elisha kuwa mkataba ukiisha tutafute kwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Moyo."

"Naona ni moyo. Wa nani?"

"Wa ng'ombe, mama."

"Kachinja nani?"

"Nimenunua kwa Idrisa."

"Haya, Idrisa namjua." Mfuko ukasogea karibu kidogo. "Ndo mnavyokula nyie watu wa bara?"

"Siuli. Naupima."

"Ushakufa huu. Unapima nini tena?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kwamba mashine inatuma sauti ambayo sikio haliisikii, sauti inaingia ndani ya mwili, inagonga kuta za moyo na kurudi, na ile inayorudi ndiyo inayochora picha. Ila njiani inachoka. Nataka kujua inachoka kiasi gani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha akaurudisha mfuko. "Basi andika jina lako hapo juu. Nisije nikapika ntihani wako." Yeye ni Mmakonde wa Nanyamba, na mtihani kwake ni ntihani, mtu ni ntu.

Elisha alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 11 Septemba

Kipimo cha kwanza. Nimejaza maji kwenye beseni, nikalaza bamba la chuma chini, juu yake kipande cha moyo, na kichwa cha mashine kikagusa maji kwa juu. Bila nyama, chuma kinang'aa kwenye skrini kama bati kwenye jua la mchana. Nikiweka kipande chembamba, mng'ao unapungua. Kinene, unapungua zaidi. Kila unene wa nyama unachukua chake: sauti nyingine inageuka joto, nyingine inatawanyika ovyo na hairudi.

Nikapandisha masafa, yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde. Kwa karibu picha ikawa safi, naona hadi nyuzi za nyama, lakini chini giza. Nikashusha masafa. Mawimbi yakafika mbali, ila picha ikawa na ukungu.

Dk. Magreth alichungulia mlangoni. "Chagua, Witness. Uone vizuri hapa karibu, au uone kidogo kule mbali. Vyote viwili Mungu hajatupa."

Alhamisi, 12 Septemba

Bi Mwanahamisi ameuliza, "Umefaulu?" Nimemwambia bado. Amesema, "Basi nunua moyo mwingine."

Ijumaa, 20 Septemba

Korosho zimeanza kuanguka. Bi Mwanahamisi ameondoka leo kwenda Nanyamba shambani kwake, na huko atakaa mpaka msimu uishe. Alifunga mizigo akiimba. Alituachia sufuria ya ming'oko, viazi mwitu vya huku, iliyochemshwa, funguo za ukumbi, na maagizo mengi kuliko mizigo. Mwanawe Shabani, anayelima naye huko, kijana mrefu mpole, alikuja kumchukua, akawa anaitikia tu, "Ndiyo mama, ndiyo mama."

Jumapili, 22 Septemba

Nimeamka nimechelewa ibada. Kumbe siku zote ufagio wake ndio ulikuwa unaniamsha.

Jumatano, 25 Septemba

Moyo wa nne. Mwanamke mmoja alinifuata kutoka kwa Idrisa mpaka kona, akaniita pembeni kwa adabu zote. Amesikia kwamba nanunua mioyo mizima kila wiki. Ana mume ametulia mno kwa mke mwenzake. Je, dawa yangu naitoa kwa masharti gani?

Nilimwambia mimi ni wa hospitali. Akakonyeza. "Najua. Hata wa hospitali wanajua mambo."

Jumanne, 1 Oktoba

Bi Mwanahamisi amerudi, na hakurudi vizuri.

Bajaji ilisimama mlangoni alasiri. Shabani alishuka kwanza, akazunguka, akamshika mama yake kama mtu anayebeba chungu chenye ufa. Yule mama aliyekuwa anatukimbizia kuku uani akawa anatembea hatua ya mgonjwa. Si kwamba miguu haikuweza. Alikuwa ameambiwa asiiamini.

Nilimpelekea maji. Shabani akanisimulia palepale mlangoni. Juzi mama alikuwa anaokota korosho, akainama, akainuka, kizunguzungu kikamchukua, akaanguka kwenye majani makavu. Akampakia kwenye pikipiki mpaka kituo kimoja cha matibabu huko njiani. Wana mashine ndogo ya mkononi. Wakampima kifua, wakamwonyesha Shabani skrini.

"Upande mmoja wa moyo umekufa, dada Witness," alisema. "Ukuta wa pembeni hauchezi. Nimeliona kwa macho yangu, giza tupu. Wamesema huenda mshtuko ulimpata zamani akadhani ni uchovu. Kazi basi. Shamba basi."

Aliyasema hayo mbele yake. Bi Mwanahamisi alikuwa anatazama ndala zake.

"Wamempa rufaa?" niliuliza.

"Wamesema apelekwe kwa daktari mkubwa. Lakini mkubwa atafanya nini? Kilichokufa kimekufa. Mimi nataka apumzike tu."

Jioni nilisikia kishindo cha kiti, nikakimbia. Alikuwa amejaribu kuchukua ufagio. Shabani alimnyang'anya.

Alhamisi, 3 Oktoba

Majirani wanakuja kumsalimia. Wanavua viatu, wanakaa mkekani, wanasema kwa sauti ya chini. Kila mmoja anamtajia mtu aliyekuwa na moyo mbovu na jinsi alivyomaliza. Yeye anaitikia, "Alhamdulillahi." Akitoka wa mwisho anageukia ukutani.

Jumapili, 6 Oktoba

Shabani alikwenda Nanyamba kuangalia shamba. Nilimkuta Bi Mwanahamisi amekaa peke yake kizingitini, anabangua korosho chache alizozificha kwenye pindo la khanga.

"Usimwambie Shabani," alisema.

Nilikaa. Nilikuwa na kipimo cha presha mkobani, nikamwomba mkono. Presha ilikuwa juu sana. Alisema ndiyo, ana presha, alishawahi kupewa vidonge, akavinywa vikaisha, akajiona mzima, akaacha.

"Mama, kifua kilishawahi kukubana? Maumivu ya kushuka mkono, jasho jembamba?"

"Kifua? Hapana. Kiuno ndo kinanisumbua."

"Siku ile ulipoanguka ulikuwa umekula? Umekunywa maji?"

"Maji gani, mwanangu? Kule kwetu maji ni ya kununua. Unaokota kwanza, utakunywa ukirudi."

Akabangua nyingine. Kisha akaanza kunieleza shamba lake. Sikumuuliza. Alinitajia mikorosho kama mtu anavyotaja wajukuu: huu ulipandwa na marehemu mume wake mwaka waliooana, huu ulipigwa na radi ukachipua upya, huu mabibo yake ni mekundu, matamu, watoto wa jirani wanauibia. "Nkorosho ukiusimamia unakujua," alisema. "Shabani anataka kulikodisha shamba kwa watu. Nnajua anafanya kwa mapenzi. Lakini mimi nikikaa hapa nnatazama ukuta, si ndo nnakufa kweli?"

Niliwaza jinsi nilivyokuwa nikimwona mama huyu, kelele na sheria tu, na nikajionea haya kimyakimya.

"Kapimwe tena, mama. Hospitalini kwetu, kwa Dk. Magreth."

"Nimeshaambiwa mara moja. Niambiwe mara ngapi?"

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo limetokea jambo kwenye beseni.

Vipande vyangu nilikuwa navikata kwa namna moja, nyuzi za nyama zikilala, mawimbi yakizikata katikati. Leo kimoja kilikuwa na umbo baya, nikakisimamisha ili kikae vizuri, nyuzi zikawa zimeelekea juu, sambamba na njia ya mawimbi. Unene uleule. Masafa yaleyale. Chuma kule chini kikafifia hadi nikadhani waya umelegea.

Nikakilaza, mwanga ukarudi. Nikakisimamisha, ukafifia. Nikabadilisha kipande. Nikabadilisha na moyo. Ikawa vilevile: mawimbi yakifuata urefu wa nyuzi yanachoka upesi kuliko yakizikata.

Nilimkimbilia Dk. Magreth na karatasi mkononi, natweta. Alisoma, akatabasamu. "Pole, hujagundua jipya. Wenzetu waliliandika zamani. Nyama ya moyo ina nyuzi kama mti ulivyo na nyuzi zake, ukiipasua kwa urefu si sawa na kuikata. Ila sasa umeliona kwa mkono wako, hutalisahau."

Nilikuwa nimefika mlangoni nikasimama.

"Daktari, tukimpima mtu kutokea kwenye ncha ya moyo, pale chini ya ziwa, ukuta wa pembeni si unakuwa umelala sambamba na mawimbi?"

"Ndiyo. Mawimbi hayaugongi usoni, yanapita nao. Yanatembea njia ndefu ndani ya nyama, na machache yanarudi. Ndiyo maana ukuta ule hupotea kwenye picha za watu wengi." Akaweka kalamu chini. "Kwa nini?"

Nikamweleza habari za mwenye nyumba wangu. "Inawezekana picha ilikosa ukuta. Inawezekana pia ukuta umekufa kweli. Simlaumu aliyempima, mashine ndogo, na ametazama kutokea sehemu moja tu. Mlete. Lakini usimwambie lolote kabla hatujaona."

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilishindwa kukaa kimya vizuri. Nilimwambia Shabani tu, tena kwa tahadhari, kwamba picha ile haitoshi, mama apimwe kwa upande mwingine. Alikuwa anateka maji. Aliiweka ndoo chini.

"Dada Witness, nakuheshimu. Lakini usimtie mama yangu tamaa."

"Sijasema ni mzima. Nimesema hatujui."

"Mimi nililiona giza."

"Giza si lazima liwe kifo, kaka Shabani. Huenda mwanga haukufika tu."

"Akikuamini, akarudi shamba, akaanguka tena, utamzika wewe?"

Aliichukua ndoo akaondoka, maji yakimwagika miguuni.

Elisha alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Nilitaka aniambie nina haki. Alisema, "Hajakutukana, mke wangu. Ameogopa. Ukiwa na mama mmoja tu, unaogopa kwa sauti kubwa."

Jumapili, 13 Oktoba

Sijanunua moyo wiki hii. Idrisa ameuliza kama nimepata muuzaji mwingine.

Jumatano, 16 Oktoba

Shabani amekuja mwenyewe. Tulikuwa tunakula, akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi akitugeuzia mgongo, kana kwamba maneno yake hayakutaka kutazamwa.

Baba yake alifia shambani. Ilikuwa msimu kama huu. Shabani ndiye aliyetumwa kumwita aje kula, akamkuta ameegemea shina, ngumi imefumbwa, ndani mna korosho. "Nilidhani amelala. Nikakaa pembeni nimsubiri aamke, nisimkatize. Nilikaa sana."

Elisha aliacha kutafuna.

"Sasa mama naye nimemkuta kwenye majani yaleyale," aliendelea. "Ndiyo maana, dada. Wakiniambia apumzike maisha yake yote, mimi nasema amina. Lakini jana nimemwona amelala mchana amefungua macho. Hajawahi kulala mchana mama yangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mkimpima, na mimi niwepo. Na mkiona giza, mseme giza."

"Tutasema," nilimjibu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Naandika polepole nisiruke kitu.

Tulikwenda asubuhi. Bi Mwanahamisi alivaa baibui lake zuri na akajipaka wanja, kana kwamba anakwenda kumposea mtu. Dk. Magreth alimsalimia kwa heshima, akamfunika vizuri kwa shuka, akamlaza ubavu wa kushoto. Shabani alisimama kwenye kona, mgongo ukutani. Mimi nikashika kichwa cha mashine.

"Uuuh! Mbona baridi? Hamna ya moto?" Ilikuwa jeli.

"Vumilia, mama."

Nilianza pale walipoanzia wenzetu, chini ya ziwa, kwenye ncha ya moyo. Ukatokea. Ukuta wa katikati ulionekana, unacheza. Valvu, milango ya moyo, zikapiga kama vibawa. Na upande wa pembeni, pale pale Shabani alipoonyeshwa, giza. Hakuna ukuta. Kana kwamba mtu amefuta kwa kidole.

"Ndiyo lileile," Shabani alisema kwenye kona.

Nilikuwa nimejiandaa kuliona giza hilo, nilijua kwa nini linaweza kuwepo, lakini kujua si sawa na kulitazama ndani ya mtu anayekupikia ming'oko. Bi Mwanahamisi alikuwa ananitazama usoni, si kwenye skrini. Anasoma uso wangu.

"Usikimbilie," Dk. Magreth alisema taratibu. "Shusha masafa."

Nikashusha. Ukungu ukaingia, lakini kule pembeni pakawa na kivuli cha kitu, mstari unaokuja na kutoweka. Haikutosha kusema lolote.

"Sasa hama."

Nikapandisha mkono karibu na mfupa wa kifua, nikatafuta nafasi kati ya mbavu. Kutoka pale mawimbi yangeukuta ukuta ule uso kwa uso. Mwanzoni pafu lilikuja mbele, skrini ikajaa theluji.

"Mama, toa pumzi yote. Yote. Shikilia hapo."

Akatoa pumzi, ndefu, mashavu yakabonyea. Na pafu likasogea kando kama pazia, na moyo wa Bi Mwanahamisi ukatokea mzima, duara, kuta zake zote. Ukuta wa pembeni ulikuwepo. Mnene. Unaingia ndani, unatoka, unaingia ndani, sawasawa na wenzake, bila kuchelewa hata kidogo.

Nilimtazama Dk. Magreth. Alikuwa ameinama karibu na skrini. Akanichukulia kichwa cha mashine, akapita kila sehemu mwenyewe, juu, kati, chini, akamwachia mama apumue, akarudia tena.

"Shabani, sogea hapa," hatimaye alisema. "Huu ndio ukuta uliokuwa gizani."

Shabani alikuja, akainama.

"Mbona unacheza?" aliuliza.

"Unacheza."

"Kwa hiyo haujafa."

"Haujafa. Haujawahi kufa. Picha ya kwanza haikuufikia tu. Ila umenenepa, unaona? Presha ya miaka mingi. Moyo umekuwa ukisukuma mzigo mzito mpaka umejaa misuli, kama mkono wa mtu anayetwanga kila siku. Na nyama ikiwa nene mawimbi yanazidi kuchoka, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuuona. Hili si la kupuuza. Ni dawa kila siku, si siku ukijisikia. Chumvi ipungue. Maji anywe, maana kuanguka kule huenda ni kiu na jua tu. Mizigo kichwani, marufuku. Na nitamwona kila mwezi."

"Na shamba?" Hiyo ilikuwa sauti kutoka kitandani.

Dk. Magreth alimgeukia. "Presha ikishuka utakwenda shamba, mama. Utatembea, utasimamia. Kubeba magunia, hapana."

Nilinyoosha mkono nipunguze mwanga wa skrini, nimfute jeli.

"Usizime kwanza," Bi Mwanahamisi alisema.

Nikamgeuzia skrini. Aliutazama moyo wake muda mrefu, midomo ikisogea, sijui alikuwa anasoma dua au anauhesabia mapigo. Shabani alikuwa ametoka nje. Tulimkuta kwenye benchi la korido amejifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika, na mama yake akakaa karibu naye akampiga-piga goti. "Basi, baba. Basi. Watu wanapita."

Jumamosi, 26 Oktoba

Chwaa, chwaa, chini ya dirisha. Elisha amejifunika mto kichwani. Mimi nimelala nasikiliza.

Jumamosi, 2 Novemba

Vita vya vidonge.

"Umekunywa, mama?"

"Dawa inanywewa mtu akiumwa. Leo siumwi."

"Ndiyo maana huumwi. Kwa sababu jana ulikunywa."

Alifikiri. "Maneno yako yanazunguka," alisema, lakini akakimeza, akanitolea ulimi kama mtoto nihakikishe.

Jumatano, 6 Novemba

Dada yake Halima amemletea samaki wa chumvi kutoka Kitaya, samaki wa Ruvuma, wakavu, wazuri. Alituletea wote kwenye ungo, amegeuza uso pembeni. "Wachukueni upesi, nisiwanuse."

Jumanne, 12 Novemba

Nimekabidhi zoezi langu. Dk. Magreth ameandika pembeni, "Vizuri," na chini yake, "Michoro ya nyuzi ni mizuri kuliko mwandiko." Idrisa amesikitika kumpoteza mteja. Yule mwanamke wa kona ameniambia mumewe amerudi nyumbani, na asante sana.

Jumapili, 17 Novemba

Presha imeshuka. Dk. Magreth amemruhusu. Bi Mwanahamisi alikwenda Nanyamba akiwa amekaa mbele kwenye gari la mizigo la rafiki wa Elisha, mkoba wa dawa shingoni, anampungia kila mtu mkono, hata asiowajua. Shabani alikuwa nyuma na magunia matupu. Hakucheka, lakini hakukataa.

Elisha aliniuliza usiku huu kama bado natafuta nyumba nyingine. Nilimwambia anyamaze.

Jumatatu, 25 Novemba

Mawingu. Hayanyeshi.

Jumapili, 1 Desemba

Tumetoka Nanyamba jioni hii, nguo zetu bado mbichi.

Tulikwenda jana kumsalimia. Nilikuwa nimefikiria shamba kama alivyonisimulia, na lilikuwa hivyohivyo, isipokuwa harufu. Hakunieleza harufu ya mabibo yanayoiva chini, tamu mpaka koo linawasha. Bi Mwanahamisi alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, anatoa amri. Asia, mke wa Shabani, alikuwa anatenga korosho na mabibo kwa vidole vya haraka. Alininong'oneza, "Wifi, tangu aje hatujapumzika."

Korosho za mwisho wa msimu zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka. Zikilowa, zinashuka daraja. Leo baada ya saa sita upepo ukageuka, vumbi jekundu likainuka, na mbingu ikawa nyeusi upande wa Ruvuma.

"Mvua!" alipiga kelele Asia.

Sote tukakimbia. Elisha na Shabani wakawa wanakunja mikeka, mimi na Asia tunajaza magunia kwa mikono miwili. Niligeuka nikamwona Bi Mwanahamisi amesimama, ameshashika ncha ya gunia lililojaa. Shabani naye alimwona. Aliacha kila kitu, akafungua mdomo kupiga kelele, kisha akaufunga.

Mama na mwana wakatazamana, matone ya kwanza yanaanguka.

Bi Mwanahamisi aliliachia gunia. Akakaa tena kwenye kigoda chake, akajitandaza khanga kichwani. "Haya, mnasubiri nini? Hilo la kushoto kwanza! Elisha, si hivyo, baba, lishike masikio! Asia, ule nkeka!"

Tuliwahi. Zililowa chache tu. Tukajibanza wote kwenye kibanda cha makuti, tunatweta, tunacheka bila sababu, mvua inapiga kama watu wanamwaga kokoto. Nilimshika mama mkono, nikatafuta mapigo. Aliniachia nipime, halafu akasema, "Ushamaliza? Nnataka kuchukua mkono wangu."

Shabani alikuwa ametoka. Tulimwona akipita kwenye mvua mpaka nyuma ya kibanda, akarudi amekumbatia tenga lililofunikwa kwa gunia. Aliliweka mbele ya mama yake, akasimama anatiririka maji.

"Nilitaka kukuambia kabla," alisema. "Nilikuwa naogopa. Wale waliotaka kukodi nimewaambia basi."

Akafunua. Miche ya mikorosho, kila mmoja kwenye kifuko chake cha udongo, majani mapya bado yana rangi ya shaba. Mkorosho hauzai leo wala kesho. Anayeupanda anajipangia miaka.

Bi Mwanahamisi aliinama. Alichukua mche mmoja, akaugeuza, akaukagua mizizi kwa ukucha, akaurudisha. Akachukua mwingine. Sisi wote tulikuwa tunamtazama uso. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti ilikuwa ileile ya kamba ya nguo na ndoo.

"Shabani," alisema, "mbona umeleta michache?"